Maji ya mfereji, jani la isale: mwongozo wa amani kwa usharika wa mlimani

Februari ikiingia, mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hunuka vumbi. Migomba hukunja majani, kahawa hulegea adhuhuri, na mfongo, mfereji wetu wa asili, uliokuwa ukivuma usiku kucha wakati wa masika hubaki uzi mwembamba wa maji kati ya mawe. Ndipo mtu anapoamka saa tisa za usiku, akapanda na jembe hadi mlangoni pa mfereji, akang'oa shina la mgomba na matope aliyopanga jirani yake, akageuza maji yaelekee kwake. Asubuhi jirani anakuta pakavu. Jumapili wote wawili wapo kanisani, wanapeana mkono wa amani, wanakwenda Meza ya Bwana. Jumatatu maji ni yale yale na ugomvi ni ule ule.

Mimi ni mzee wa kanisa. Mahubiri ya amani niliyoyasikia siwezi kuyahesabu. Yaliyotaja lita za maji sikumbuki hata moja. Ndiyo maana ya makala hii. Nawaandikia wazee wenzangu, makatekista, wainjilisti, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na kina mama wanaobeba ndoo, wanaotaka amani yenye vipimo. Mifano ni ya Kilimanjaro kwa sababu ndiko ninakokujua. Walioko Upare wenye ndiva zao (mabwawa ya kuhifadhi maji), Meru, Usambara au Taita watabadilisha majina tu.

Visima vitatu vya Isaka

Mwanzo sura ya 26 ingefaa isomwe katika kila kikao cha kamati ya maji. Wafilisti walifukia visima alivyochimba Ibrahimu, na Isaka akavifukua. Watumishi wake walipopata maji bondeni, wachungaji wa Gerari wakasema maji ni yao. Isaka akakiita kisima hicho Eseki, yaani ugomvi. Cha pili nacho kikagombaniwa, akakiita Sitna, uadui. Cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, nafasi. Mwishowe Abimeleki mwenyewe alimfuata kutafuta mapatano; wakala, wakanywa, wakaapiana asubuhi.

Wahubiri humsifu Isaka kwa upole wake, kwamba alihama badala ya kupigana. Ni kweli. Lakini Isaka alikuwa na mahali pa kuhamia. Sisi hatuna. Kihamba cha babu, yaani shamba la nyumbani, kimegawanywa kwa wana, wana wamewagawia wajukuu. Juu kuna mpaka wa Hifadhi ya Taifa, chini kuna kihamba cha mwingine. Rehobothi yetu haiko ng'ambo ya kilima. Itabidi tuitengeneze hapa hapa kwa kugawana.

Na namna ya kugawana imo katika kisa cha mana, Kutoka 16. Kila mtu pishi moja. Aliyelimbikiza mpaka kesho alikuta mabuu. Wengi tunafundisha kisa hicho kama muujiza wa chakula kutoka mbinguni, tukaipita pishi. Mimi naona pishi ndiyo somo lenyewe, kwamba Mungu aliwapa watu wake kipimo pamoja na chakula.

Makanisa yameunganisha amani na uumbaji kwa muda mrefu. Baraza la Makanisa Ulimwenguni, katika mkutano wake mkuu wa Vancouver mwaka 1983, liliunganisha haki, amani na uzima wa uumbaji kuwa wito mmoja. Papa Yohane Paulo II alitoa ujumbe wake wa Siku ya Amani ya Januari 1, 1990 juu ya amani na Mungu Muumba na amani na viumbe vyote. Papa Fransisko akaandika Laudato Si' mwaka 2015. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alipopewa Nobeli ya Amani mwaka 2004, wapo wasomi walioshangaa miti inahusiana nini na amani. Mama aliyewahi kusukumwa kwenye foleni ya bomba hakushangaa.

Pima kwanza

Ugomvi wa maji mara nyingi ni ugomvi wa watu wasiojua maji ni kiasi gani. Kila mmoja anaamini mwenzake amepata zaidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati ni kupima, na haihitaji mhandisi.

Chemchemi au bomba: weka ndoo ya lita 20, washa saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, unapata nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 1,800 kwa saa, na lita 43,200 kwa siku nzima. Ukihesabu lita 20 kwa kila mtu kwa siku, chemchemi hiyo inatosha watu 2,160, mradi maji ya usiku yanahifadhiwa kwenye tangi. Bila tangi, yanayotiririka watu wakiwa wamelala hayamfai mtu wa kijijini hapo. Mara nyingi nimeona kijiji kikilia kuwa chemchemi imepungua, kumbe kilichokosekana ni tangi la kushika maji ya saa nane za usiku.

Mfereji: tafuta kipande kilichonyooka cha mita 10. Pima upana na kina sehemu tatu, chukua wastani. Dondosha kijiti juu ya maji, hesabu sekunde mpaka kifike mwisho, rudia mara tano. Tuseme upana ni mita 0.5, kina mita 0.2, na kijiti kimetumia sekunde 25. Kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha upana kwa kina kwa kasi, unapata 0.04. Maji ya chini hukawia kuliko ya juu kwa sababu ya mawe na majani, kwa hiyo punguza sehemu moja ya tano, inabaki 0.032, yaani lita 32 kwa sekunde.

Sasa tazama hesabu hiyo inavyozima maneno. Kunywesha ekari moja milimita 50 za maji kunahitaji karibu lita 200,000. Kwa lita 32 kwa sekunde, ni saa moja na dakika 45. Lakini mfereji wa udongo unavuja, una mashimo ya fuko na kaa, na nusu ya maji inaweza kupotelea njiani. Basi weka saa tatu na nusu kwa ekari. Kwa siku moja, mchana na usiku, mtanywesha karibu ekari saba. Kama mfereji una ekari 60, zamu ya mtu itarudi baada ya siku tisa hivi. Februari maji yakishuka nusu, zamu inarudi baada ya siku 18, na nyanya haiwezi kusubiri siku 18.

Hilo mnalijua tangu Novemba, kabla mtu hajanunua mbegu. Mkae, mkubaliane nani atapunguza eneo la mboga na kwa kiasi gani. Mkisubiri mpaka miche imeshika na maji yamekatika, hapo hamgawani tena maji, mnagawana hasara.

Pimeni Novemba, Januari na Februari, mahali pale pale, na mwandike kwenye daftari moja. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuwa na heshima kuliko mzee yeyote mwenye sauti kubwa.

Zamu

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Mfongo ulikuwa na wenyewe, mwenyekiti wake, siku za kuuzibua, na faini kwa asiyetokea. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, haukuwa na mjadala. Wamisionari wa Leipzig walipofika mwaka 1893 waliikuta mifereji ikipanda na kushuka mabonde kwa ustadi, na mingine hadi leo inatiririka. Kilichobadilika ni idadi ya watu, mazao ya soko, na vijana wengi kuondoka, hata msaragambo umebaki kwa wazee na wajane.

Kwenye kugawa zamu, mambo machache ndiyo huleta au huondoa chuki. Ratiba iandikwe kwa saa na ibandikwe mahali pa wazi. Ratiba iliyo kichwani mwa mwenyekiti ni mali ya mwenyekiti. Zamu za usiku zizunguke. Nimeona mjane akipangiwa usiku mwezi mzima kwa sababu hakuwapo kikaoni, na mwenye pampu ya kuvutia maji akipewa alfajiri kila mara. Faini iwe ya kazi kabla ya fedha: aliyeiba maji azibue mita 30 za mfereji mchana, watu wakimwona. Inauma zaidi ya shilingi, na inamwacha ndani ya kundi. Mwenye nguvu kidogo, mgonjwa au mzee asiye na mtoto nyumbani, asitozwe faini ya msaragambo; apewe kazi ya kutunza daftari au kupika uji wa wachimbaji.

Kikao kisifanyike kanisani. Nasema hivi nikiwa mzee wa kanisa. Kwenye mfereji mmoja kuna Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste, Waislamu na wasioingia nyumba yoyote ya ibada. Mkikutana ukumbini kwa mchungaji, nusu yao watajiona wageni kwenye maji yao wenyewe. Kutaneni kwenye banio, chini ya mti, na mumkaribishe shehe wa eneo afungue kwa dua siku ambayo paroko hakufungua.

Upande wa sheria ni mfupi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inayafanya maji yote ya Tanzania Bara kuwa mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kuchota kwa ajili ya nyumbani hakuhitaji kibali, ila kuchepusha mto kwa umwagiliaji kunahitaji, na kwa upande wetu ofisi husika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mfereji uliosajiliwa ndani ya jumuiya ya watumia maji una pa kusimama siku mwekezaji au jirani wa juu akijenga banio jipya. Usiosajiliwa una hadithi za babu tu, na hadithi hazipokelewi kwenye kaunta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Mita 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima. Pimeni, mtashangaa ni zizi la nani lililo ndani, na pengine ni la mzee wa kanisa.

Yaliyo chini yetu

Mlimani tuna tabia ya kuhesabu maji yakishapita kihamba chetu kuwa yameisha kazi. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, huko tambarare, iliyokamilika mwaka 1987, ilifanikiwa sana katika mpunga mpaka mafanikio yakawa tatizo. Wakulima wa juu yake, kando ya mito ya Rau na Njoro, waliona faida, wakafungua majaruba yao na kuchepusha maji kabla hayajafika kwenye banio la skimu. Waliojengewa mifereji ya saruji wakabaki na saruji. Hakuna aliyekuwa mchawi wala mwizi mkubwa. Kila mtu alilima. Ila hakuna aliyekaa na wa juu na wa chini wakapanga hesabu moja.

Maji yakivuka hapo yanaendelea. Mito ya Kikuletwa na Ruvu inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo mto Pangani unashuka mpaka mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, kisha baharini. Naomba jina la bwawa hilo litafakariwe kidogo na wanaoombea mvua: maji tunayoyagombania usiku wa manane yanakwenda Nyumba ya Mungu kweli, na wavuvi wapo huko wakiyasubiri. Basi ratiba yenu ya zamu iwe na mstari mmoja wa mto wenyewe, kiasi kinachoachwa kipite banio bila kuguswa. Wazee wa mfereji wa chini waalikwe kikao cha Novemba. Sharika mbili za jimbo moja, moja ya juu na moja ya chini, zinaweza kubadilishana wahubiri Jumapili moja kwa mwaka, na baada ya ibada mgeni akapelekwa kuona mfereji ulivyo kwa mwenyeji wake.

Paa la kanisa

Kila kijiji kina paa moja kubwa kuliko yote, na kwa kawaida ni la kanisa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kanisa la mita 25 kwa 12 lina mita za mraba 300. Mahali panaponyesha milimita 900 kwa mwaka, ukiondoa asilimia 20 ya maji yanayoruka na kukauka, paa hilo linakusanya lita 216,000. Ni madumu 10,800 ya lita 20, ambayo kwa sasa yanachimba msingi wa kanisa na kuondoka na udongo wa makaburi.

Lakini msidanganyike na hesabu ya mwaka. Tangi la lita 10,000 linajazwa na mvua ya milimita 42 tu, pengine wiki moja ya Aprili, na mvua inayofuata inamwagika. Likijaa mwishoni mwa masika na mkalitumia siku 60 za ukame, ni madumu nane kwa siku. Madumu nane hayatoshi kijiji. Kwa hiyo kabla ya kununua tangi, amueni maji yake ni ya nani: chekechea, zahanati, wazee wanaoishi peke yao. Andikeni ukutani pa tangi, kwa rangi. Ugomvi wa tangi la kanisa nimeushuhudia: ufunguo ulikaa nyumbani kwa mtu mmoja, na kwa miezi miwili ng'ombe wa nyumba hiyo hawakuonekana mtoni.

Kwa fundi: gata ziinamie upande wa tangi, sentimita moja kwa kila mita inatosha. Mdomo wa tangi uwe na wavu wa kuzuia mbu na majani. Weka kiungio cha kutoa bomba pembeni, ili dakika 15 za mvua ya kwanza baada ya kiangazi zimwagike nje, kwani ndizo zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege na popo. Koki ikae juu kidogo ya sakafu ya tangi, tope libaki chini. Na maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, hata kama yametoka kwenye paa la nyumba takatifu.

Sufuria na mnada

Sherehe ya kipaimara, harusi, mavuno, matanga: jiko la kanisa linameza kuni kuliko kaya yoyote. Jiko la mafiga matatu hupeleka sehemu ndogo tu ya moto kwenye sufuria, nao mkaa wa tanuri la udongo hupatikana kwa kupoteza sehemu kubwa ya mti, kwani kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania. Usharika unaoweza kununua gesi au jiko banifu la taasisi ununue. Usioweza uanze na maharage: yalowekwe tangu usiku, yafunikwe yakipikwa. Moto mwingi unaokwenda kwenye maharage unatokana na kusahau kuyaloweka.

Mnada wa sadaka baada ya ibada ni hazina tunayoidharau. Mkungu wa ndizi, kuku, kibuyu cha pombe ya mbege (wasiokunywa wanisamehe) na boga vinabadilisha mikono hapo hapo bila mfuko wa plastiki wala lori. Ongezeni miche ya miti kwenye mnada huo. Mti ulionunuliwa kwa kushindana bei mbele ya watu hupewa maji.

Usipande mti Septemba

Makanisa mengi duniani huadhimisha majira ya uumbaji kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 4, siku ya Fransisko wa Asizi. Ratiba hiyo ni njema, lakini mbingu za kwetu haziifuati. Septemba ni kiangazi. Nimeona miche mia ikipandwa kwa nyimbo na picha, Novemba ikawa vijiti. Tumieni Septemba kwa kutengeneza gata, kuzibua mifereji, kuandaa vitalu na kuchimba mashimo. Pandeni vuli ikishashika au, bora zaidi, mwanzo wa masika, na darasa la kipaimara likabidhiwe miche kwa majina. Mtoto aletwe kwa mchungaji akiwa na mti ulio hai wa mwaka mmoja, si risiti ya mche. Askofu Fredrick Shoo, ambaye kazi yake ya kupanda miti mlimani ilimpa huko Ujerumani jina la Askofu wa Miti, ameonyesha kuwa kiongozi wa kanisa anaweza kushika jembe bila kupungukiwa na heshima ya joho.

Mti gani? Mkaratusi upandwe mbali na chemchemi, kwani unakunywa. Kando ya maji wekeni mkuyu au msesewe, ule ule ambao magome yake hutia uchungu kwenye mbege. Ndani ya kihamba mringaringa unastahimiliana na kahawa na migomba. Na mlinde msitu wa juu kuliko mnavyolilia barafu. Ni kweli zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 imetoweka, na moyo unauma. Ila mito yetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na ukanda wa msitu, wala si kwenye theluji ya kilele cha Kibo. Moto mmoja wa mrina asali huko juu unagusa ndoo ya mtu wa Kahe kule tambarare.

Mpakani

Nimeacha ardhi mwisho kwa sababu ndiyo inayoua. Ndugu hupigana mapanga kwa ajili ya hatua mbili za mpaka. Torati inakataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani, na babu zetu waliweka alama hiyo kwa mmea ambao ulikuwa na kazi ya pili. Isale hupandwa mpakani, na jani la isale ndilo mtu huenda nalo kwa aliyemkosea kuomba msamaha. Kulikataa ni jambo zito. Wapo wakristo wanaoliona jani hilo kuwa upagani. Mimi naliona kuwa busara ya watu waliojua kuwa mahali pa ugomvi na mahali pa upatanisho ni pamoja. Mwenye dhamiri tofauti apeleke maneno tu, mradi aende.

Ukiitwa kusuluhisha, anza kwa kujitazama. Kama mmoja wa wahusika ni ndugu yako, ndiye aliyekusomesha, au ndiye anayetoa sadaka kubwa, mwachie mwingine. Msikilize kila upande peke yake kabla ya kuwakutanisha. Nenda shambani, usisuluhishe mpaka ukiwa sebuleni. Waite majirani wa pande zote nne, hasa wanawake wazee, ambao mara nyingi ndio wanaokumbuka isale la zamani lilisimama wapi kwa sababu ndio waliokata majani ya ng'ombe hapo. Mkikubaliana, andikeni siku ile ile: majina, alama zilizopandwa, sahihi au dole gumba, nakala kwa kila upande na nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Piga picha.

Kanisa likishindwa, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Nalisema kwa sauti, maana amani yetu ya kanisani mara nyingi imenunuliwa kwa haki ya binti au mjane: anaambiwa asamehe, kaka anabaki na kihamba. Hapo mzee wa kanisa amesaidia kusogeza alama ya mpaka. Na pakiwa na kipigo au vitisho vya kuua, usuluhishi si kazi yako. Mpeleke aliyepigwa au kutishwa polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, leo.

Wakati mzuri wa kusuluhisha mipaka ni Desemba. Watoto wa mlimani wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na mbali zaidi, barabara inajaa magari, mbuzi wanapanda bei, na maji ya bomba yanakatika kwa sababu nyumba iliyokuwa na bibi mmoja sasa ina watu ishirini. Wote wenye neno juu ya kihamba wapo. Usiache kikao cha ukoo kiwe siku ya Krismasi yenyewe, watu wakiwa wamekula na kunywa. Kiwekwe siku mbili kabla, asubuhi, wakiwa na njaa kidogo. Waliokuja na magari wapelekwe kwanza mferejini na jembe, kwa saa mbili tu, wazibue sehemu ya ukoo wao. Kisha ndipo waende mpakani, na mkubwa wao awe ameshachuma jani.